“Shemeji kanambia nisiiandike kesi ya 2016”

Swali

Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mzaliwa wa Wete, raia wa Marekani tangu 2019. Nimepata ahadi ya kazi ya kompyuta kwa mkandarasi wa serikali huko Virginia, lakini sharti nipate kibali cha usalama cha ngazi ya Siri. Sasa nipo nyumbani likizo. Fomu imeshafunguliwa mtandaoni, sijaitia saini.

Mwaka 2016, nikiwa Maryland, nilikamatwa nikiendesha gari nimelewa. Mahkamani nikapewa ile PBJ (probation before judgment), na wakili akanambia sikutiwa hatiani. Mwaka 2022 polisi walinikuta nimelala ndani ya gari nje ya mkahawa, ufunguo uko mahali pake. Nikashitakiwa, baadaye mashtaka yakafutwa. Katikati hapo, mwaka 2021, niliomba kazi ya ulinzi, fomu ikauliza kama nimewahi kukamatwa, nikaandika hapana.

Shemeji yangu aliyeko Ohio anasema 2016 imeshapita miaka 7 na 2022 ilifutwa, kwa hiyo nisiandike lolote, aibu ya mtu husitiriwa. Mama hajui kama nimewahi kunywa, naogopa watakuja kumuuliza. Je, nina nafasi? Na niandike nini?

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu. Andika kesi zote mbili, ya 2016 na ya 2022, kila moja mahali pake, kabla hujatia saini. Nafasi unayo. Haitoshani na ya kijana asiye na kesi, lakini ipo, na anayeweza kuizika sasa hivi ni wewe mwenyewe kwa kufuata maneno ya shemeji yako.

Kabla sijarudi Unguja kupumzika nilikuwa afisa usalama katika kampuni moja huko huko Virginia. Kazi yangu ilikuwa kukaa na waajiriwa wakijaza fomu hii ya kuombea kibali, SF-86, kisha kungoja nao majibu. Kwa hiyo nayajua makosa ya watu kuliko ninavyozijua sheria. Mimi si wakili, na chini nitakuonesha mahali ambapo wakili unamhitaji kweli.

Shemeji yako amekosea kwenye maneno. Sisi kwetu kila jambo la polisi ni “kesi”. Ukisikia barazani fulani ana kesi, huenda alilala kituoni usiku mmoja, huenda yuko mahkamani, huenda kafungwa miaka 3. Neno moja linabeba yote, na sisi tunaelewana kwa sauti ya msemaji. SF-86 haina sauti. Ina vitenzi, na kila kitenzi kinaulizwa peke yake: je, uliitwa kufika mahkamani, ulikamatwa, ulishitakiwa, ulitiwa hatiani, uliwekwa chini ya uangalizi wa mahkama? Wakili wako wa Maryland hakukudanganya. PBJ ni uangalizi bila hukumu, na mtu aliyepewa akiulizwa kama ametiwa hatiani anaweza kujibu hapana kwa moyo safi. Lakini fomu hii haiishii hapo. Ulikamatwa? Ndiyo. Ulishitakiwa? Ndiyo. Ulikuwa chini ya uangalizi? Ndiyo, na herufi ya kwanza ya hiyo PBJ yenyewe inasimamia neno hilo.

Njoo kwenye miaka 7. Ni kweli maswali mengi ya rekodi ya polisi yanarudi nyuma miaka 7 tu. Ila palepale, chini kidogo, kuna maswali yasiyo na kikomo cha miaka, na mojawapo linauliza kama umewahi, tangu kuzaliwa, kushitakiwa kwa kosa lolote linalohusu pombe au dawa za kulevya. Hapo ndipo ilipo kesi yako ya 2016. Ungekuwa umekamatwa kwa kugombana uwanjani mwaka huo, pengine shemeji angekuwa sawa. Kwa pombe hana hoja. Hata faini ndogo za barabarani chini ya dola 300, ambazo fomu inakuruhusu kuziacha, haikuruhusu kuziacha kama ndani yake mna pombe.

Na kufutwa je? Maelezo ya fomu yanasema wazi kwamba uandike hata kama rekodi imefungwa, imefutwa mahkamani au mashtaka yameondolewa. Uko msamaha mmoja mwembamba unaohusu makosa fulani ya shirikisho ya dawa za kulevya, na wewe haukugusi. Kama usiku ule ulichukuliwa alama za vidole, huenda zilipelekwa FBI, na jimbo likifuta karatasi zake si lazima kule nako zifutike. Na alama za vidole ni miongoni mwa mambo ya mwanzo yanayoangaliwa.

Halafu kuna sehemu nyingine kabisa, mbali na ile ya polisi, inayohusu matumizi ya pombe. Inauliza kama katika miaka 7 pombe imekuletea matatizo kazini, nyumbani, kwenye fedha, au imekukutanisha na polisi. Inauliza tena, bila kikomo cha miaka, kama umewahi kuamriwa au kushauriwa kupata ushauri nasaha au matibabu kwa sababu ya pombe. Wengi waliopewa PBJ kwa kuendesha wamelewa waliamriwa na hakimu kuhudhuria darasa la pombe. Kama na wewe uliamriwa, basi ukiificha 2016 kwenye sehemu ya polisi itakubidi uifiche tena huku, na mpelelezi akikuhoji uifiche mara ya tatu kwa mdomo wako. Nimeona watu wakiingia na uongo mmoja mdogo na kutoka na minne.

Sasa tuseme umeandika kila kitu. Wataamua vipi?

Kipimo kimewekwa katika waraka wa miongozo uliopo tangu tarehe 8 Juni 2017. Una miongozo 13, kuanzia A hadi M, na mashirika yote ya serikali yanayotoa vibali yanatumia huohuo. Pombe ni mwongozo G. Mwenendo binafsi, ambamo umo uongo, ni mwongozo E. Kuna na J wa makosa ya jinai, ambao kwa mtu kama wewe hutembea nyuma ya G kama kivuli. Kila mwongozo una sehemu mbili: mambo yanayotia shaka, na mambo yanayoiondoa shaka hiyo. Mwamuzi hatafuti malaika. Anatazama mtu mzima: ulikuwa na umri gani, ilitokea mara ngapi, ni zamani au juzi, ulifanya nini baadaye, na uwezekano wa kurudia ukoje.

Kwenye G, matukio yako mawili yanatosha kutia shaka. Kuendesha ukiwa umelewa kumetajwa kwa jina, na waraka unasema haijalishi ni mara ngapi wala kama daktari amekupa jina la ugonjwa. Ukweli kwamba 2022 ilifutwa unasaidia kidogo tu, maana mwamuzi hafungwi na kiwango cha ushahidi cha mahkama ya jinai. Anayoyatazama ni haya: 2016 polisi na pombe, 2022 polisi na pombe. Mtu mmoja, miaka 6 kati yake. Tukio moja ni ajali ya ujana, mawili yanaanza kuwa njia. Usikasirike, ndivyo faili linavyosomwa.

Kinachoiondoa shaka ni muda uliopita, au kukiri kwamba pombe ilikuwa tatizo na kuonesha ulichofanya, au kumaliza matibabu na kuishi kwa kuyafuata. Watu huniuliza: ni miezi mingapi bila kunywa? Hakuna mstari. Mabaraza ya rufaa yamekataa miaka mingi kuweka idadi. Mtu aliyepatikana na uraibu mkali anahitaji muda mrefu wa kuacha kabisa. Mtu ambaye mtaalamu amempima akasema hana uraibu, ila alikuwa mzembe, anaweza hata kuendelea kunywa kwa kiasi na akapewa kibali. Najua hilo la mwisho litawashangaza wasomaji wetu wa Pemba. Serikali ya Marekani haiulizi kama pombe ni haramu. Inauliza kama ikikuingia kichwani utaacha kompyuta yenye siri wazi juu ya meza.

Hapa kuna kosa la watu wetu hasa. Nimewahi kuona kijana, Muislamu mwenzetu, ameandika kwenye sehemu ya pombe: “Mimi ni Muislamu, sinywi.” Faili lake lina kesi ya ulevi. Alidhani ametoa ushahidi wa dini yake, kumbe ametoa taarifa ya uongo iliyotiwa saini. Kama umeacha, andika umeacha tangu mwezi gani na mwaka gani, na kabla ya hapo ulikuwa ukinywa nini, kiasi gani, siku gani. Toba yako ni baina yako na Mola wako, na mwamuzi hana mizani ya kuipimia. Lakini ukitazama masharti ya toba tuliyofundishwa chuoni, kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorejea, na kama kuna haki ya mtu kuirudisha, utaona hayako mbali sana na yale ya mwongozo G. Wao wanataka karatasi zake tu.

Kwa hiyo zitafute hizo karatasi. Cheti cha kumaliza darasa la pombe la mahkama, kama uliamriwa. Usipokuwa nacho omba nakala, kwa sababu kutotii amri ya mahkama kuhusu pombe ni kosa jingine ndani ya mwongozo huohuo. Hati ya PBJ na hati ya kufutwa kwa mashtaka ya 2022 kutoka kwa karani wa mahkama. Ukirudi Marekani, nenda mwenyewe, bila kusubiri kuambiwa, kwa mtaalamu wa uraibu mwenye leseni akupime na akuandikie ripoti. Akisema huna tatizo, unayo karatasi. Akisema unalo, umelijua mapema, na unaanza matibabu kwa hiari yako, jambo ambalo waamuzi hulithamini kuliko la kulazimishwa.

Usije ukanambia utakaa mwezi mmoja kwenye nyumba ya soba hapa Unguja ili upate barua. Nyumba zile zimeokoa vijana wengi, nyingi kwa ajili ya unga, na kama unaihitaji nenda kwa roho safi. Ila kwa faili la Virginia, barua ya soba bila tathmini ya mtaalamu mwenye leseni ni kama barua ya sheha: inaeleza kwamba watu wanakujua, haielezi hali ya maradhi.

Sasa E, mwongozo wa uongo. Hapa ndipo ninapotaka utulie usome mara mbili.

Maamuzi ya rufaa za waajiriwa wa makandarasi, yanayotolewa na ofisi ya DOHA ya Wizara ya Ulinzi, huwekwa hadharani bila majina ya wahusika. Yasome usiku mmoja badala ya kumsikiliza shemeji. Utakutana tena na tena na hadithi ya sura moja: mtu ana kesi ya pombe, hakimu anasema hii ya pombe nimeisamehe, muda umepita, amejirekebisha, kisha anageuka kwenye fomu, anakuta palipojibiwa “hapana” pangestahili “ndiyo”, na kibali kinakataliwa kwa hilo. Pombe imesamehewa, uongo umebaki. Sababu yake si ngumu. Kibali chenyewe maana yake ni kwamba serikali itakuamini pale ambapo hakuna anayekuona. Mlevi aliyesema kweli amewapa angalau kitu kimoja cha kushika.

Na kuna jambo la kuficha lenyewe. Mtu mwenye siri ana kamba shingoni, na anayeijua siri hiyo ameshika ncha yake. Mwongozo E unalitaja hilo: mwenendo uliofichwa unaomfanya mtu aweze kutishwa na kushurutishwa. Wewe umenambia mama hajui. Mpelelezi atauliza: akija mtu na kusema nipe nakala ya faili fulani la sivyo nitamwambia mama yako Wete, utafanya nini? Lifikirie swali hilo kabla hujaulizwa. Si lazima umwambie mama. Lazima uweze kumwambia mpelelezi, ukimtazama usoni, kwamba ikifika hapo utakwenda kwa mama mwenyewe kabla hujatoa karatasi yoyote, na uwe unamaanisha.

Kuhusu fomu ya ulinzi ya 2021: ule ni uongo kwa mwajiri, na mwongozo E unauhesabu. SF-86 huenda isikuulize kuhusu fomu hiyo moja kwa moja, ila faili la kazi ile linaweza kuvutwa, na hapo litawekwa kando ya majibu yako mapya. Kinachokuokoa kimeandikwa hivi: kusahihisha kwa nia njema na kwa haraka, kabla hujakabiliwa na ukweli. Maneno “kabla hujakabiliwa” yana uzito wa dhahabu. Ukimwambia mpelelezi mwanzoni mwa mahojiano, “Mwaka 2021 niliandika hapana nikaomba kazi, nilidanganya kwa kuogopa kukosa,” umesahihisha. Ukingoja akutolee karatasi mezani ndipo ukumbuke, umekamatwa. Maneno ni yaleyale, tofauti ni nani aliyetangulia.

Usitegemee kusema “nilishauriwa”. Ushauri mbaya unakubalika kama udhuru pale ulipotoka kwa wakili, au kwa mtu ambaye kazi yake ni kushauri kuhusu taratibu hizi za usalama, na wewe ulipogundua kosa ukashirikiana kikamilifu. Shemeji hamo. Mtu wa ajira anayekupigia simu kukuharakisha, naye namtoa kwenye hesabu. Wapo wanaosema “hiyo ndogo, iruke,” na siku ya siku hawakumbuki kusema hivyo.

Sasa nakuuliza mimi. Umesema ulipata uraia 2019. Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kushitakiwa, hata kama rekodi ilifutwa. Wewe ulikuwa umekamatwa 2016. Ulijibu nini? Hukunambia, na nina hofu umenyamaza kwa sababu.

Kama uliandika ndiyo na ukaonesha hati ya PBJ, alhamdulillahi, basi tayari kuna faili moja la serikali lenye ukweli, na hilo litakusaidia. Kama uliandika hapana, acha SF-86 kama ilivyo, usiijaze wala usiisaini, na utafute wakili wa uhamiaji kabla ya jambo lolote. Faili lako la uhamiaji ni miongoni mwa yale yanayopitiwa, na majibu mawili yasiyolingana hayatafichika. Uraia uliopatikana kwa kuficha jambo zito unaweza kuvuliwa. Mwaka 2017 Mahkama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Maslenjak, ilisema si kila uongo unatosha kumvua mtu uraia katika kesi ya jinai ya namna ile. Lazima uongo uwe ulichangia kuupata. Kosa moja la kuendesha umelewa kwa kawaida halimnyimi mtu uraia. Lakini hesabu hiyo ifanywe na wakili aliyeona makaratasi yako, isifanywe na mimi wala na wewe ukumbini kwa mama. Inauma sana kuona mtu amedanganya kuhusu jambo ambalo lingepita kama angelisema.

Tukiwa hapo hapo: unacho bado kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ZanID? Pasipoti ya Tanzania uliirudisha? Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na wengi wetu hukaa kimya na kadi zetu mfukoni tukidhani ni jambo la nyumbani. Fomu inauliza kuhusu pasipoti za nchi nyingine, kuhusu uraia mwingine uliowahi kuwa nao, hata kama umewahi kupiga kura katika uchaguzi wa nchi nyingine. Ulipiga kura Wete kabla hujawa Mmarekani? Si dhambi, andika. Ndugu zako wa Pemba nao wana sehemu yao, mama kwanza, na safari hii uliyomo sasa vilevile. Mtu anayeandika kesi mbili za pombe kwa uaminifu kisha akaficha kadi ya ZanID anaharibu kazi nzuri kwa kitu cha bure.

Na sitara je? Shemeji yako hakulitoa hewani. Sote tumefunzwa kwamba mwenye kumsitiri ndugu yake Mungu humsitiri, na kwamba ni vibaya mtu kuamka asubuhi akatangaza aliyoyafanya usiku ilhali Mola alimfunika. Mimi si sheikh na siwezi kukutolea fatwa. Naweza kukueleza nilivyojitatulia mwenyewe, maana na mimi nilijaza fomu hii zamani na nilikuwa na yangu. Sitara ni kinga ya ulimi wa watu. Inakukinga na baraza, na wanaoanika karafuu na heshima za wenzao juu ya jamvi moja. Haijawahi kumaanisha kwamba mtu anayekukabidhi amana akikuuliza jambo ili ajue kama akukabidhi, umjibu uongo. Ukienda kuposa na baba wa msichana akakuuliza una mke mwingine, utasema sitara? Kazi hii hukulazimishwa. Mahkama Kuu yao ilisema mwaka 1988, katika kesi ya Egan, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kibali. Wewe ndiye unayeomba. Na yeyote akiniletea hoja ya sitara kwenye fomu ya serikali humjibu kwa maneno ya bibi zetu: mficha uchi hazai.

Huku kwetu upekuzi tumezoea uende kwa watu. Unachukua barua kwa sheha, polisi wanachukua alama za vidole kwa hati ya tabia njema, na kama kazi ni nyeti wataulizwa wanaokujua. Ndiyo maana unaogopa gari litasimama mlangoni kwa mama. Kwa ngazi ya Siri uchunguzi kwa kawaida ni wa rekodi: polisi, mahkama, mikopo, kazi. Majibu kama yako huenda yakamleta mpelelezi akuhoji wewe, na akaongea na waajiri au majirani zako wa huko Marekani. Akiwauliza kuhusu pombe, kazi yake ni kuuliza, hasimulii yaliyomo kwenye faili, na taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Faragha ya 1974. Siwezi kukuapia kwamba hakuna simu itakayofika Wete. Naweza kukwambia katika miaka yangu yote sikuona mama wa mtu akiulizwa kuhusu kesi ya ulevi ya mwanawe.

Maelezo yenyewe yaandike mafupi. Watu huandika kurasa 3 za kujitetea, wakamlaumu askari, wakamlaumu rafiki aliyewanunulia. Kwa 2016 ningeandika hivi, kwa Kiingereza chako: “Nilikunywa bia kadhaa kwenye sherehe, nikaendesha, nikasimamishwa, nikapimwa, nikakamatwa. Nilipewa PBJ, nikamaliza uangalizi na darasa la pombe mwezi fulani.” Kwa 2022: “Nilikunywa, nikaamua kulala garini. Nilishitakiwa, mashtaka yakafutwa tarehe fulani. Tangu mwezi fulani nimeacha, au nimepunguza hadi kiasi fulani.” Weka idadi ya kweli. Usiandike “bia mbili” kama kipimo cha polisi kinasema vingine. Hao “bia mbili” wanachekwa kila ofisi.

Jitayarishe pia kwa hasara. Kibali cha muda, kile kinachotolewa haraka ili mtu aanze kazi, kinaweza kukupita, na kampuni inaweza kuchoka kungoja ikamchukua mwingine. Hiyo ni bei ya kesi mbili, na hakuna fomu iliyojazwa vizuri inayoiondoa yote. Wakielekea kukukatalia watakuletea waraka wa sababu, na kwa waajiriwa wa makandarasi una siku 20 za kujibu kwa maandishi na kuomba kusikilizwa mbele ya hakimu wa DOHA. Siku 20 kwa kalenda ni chache, usizipoteze kwa hasira. Ukikataliwa kabisa, unaweza kuomba upya baada ya mwaka. Aliyekataliwa kwa pombe hurudi baada ya mwaka na ripoti ya daktari na ushahidi wa kuacha. Aliyekataliwa kwa uongo hurudi na nini? Hakuna kliniki yake. Tena uongo kwenye fomu ya shirikisho ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5. Wanaoshitakiwa kwa hilo peke yake si wengi, lakini onyo la adhabu limechapishwa juu ya mahali utakapotia saini, na hutaweza kusema hukuliona.

Ukipata kibali, mambo hayaishi. Siku hizi rekodi za wenye vibali huangaliwa mfululizo na mashine, na ukikamatwa tena unatakiwa utoe taarifa mwenyewe.

Kama umeshaisaini kabla ya kusoma jibu hili, na umeacha 2016 au 2022, mwandikie leo afisa usalama wa kampuni barua pepe fupi, utaje swali gani ulijibu vibaya na jibu sahihi ni lipi, kisha mpigie. Ofisi zao zinafunguliwa saa 3 asubuhi, ambayo kwetu ni saa 10 alasiri, au saa 11 wakati wa baridi yao. Hifadhi nakala ya barua pepe hiyo na saa uliyoituma. Ila kama jibu la N-400 lilikuwa hapana, simu ya kwanza iwe kwa wakili.